Bahari Ipo Kwenye Kombi Gani? Ufafanuzi kwa Wanafunzi wa Tanga na Wazazi Wao

Ukifundisha Biolojia Tanga, kuna swali utaulizwa kila mwaka, na mara nyingi anayeuliza ni mwanafunzi anayependa somo kwelikweli: "Mwalimu, mimi nataka kusoma mambo ya bahari. Nichukue kombi gani?" Kombi ni mchanganyiko wa masomo anaouchagua mwanafunzi wa kidato cha tano. Wengine hawaulizi. Wanajiamulia wenyewe. Mtoto wa Sahare au Chumbageni anaona kwamba samaki ni Biolojia, pwani ni Jiografia, basi akifika kidato cha tatu anaachana na Fizikia na Kemia kwa amani kabisa, akiamini hayo mawili hayamhusu. Miaka michache baadaye anatafuta nafasi ya chuo na kukuta mlango umefungwa, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe akiwa na miaka kumi na mitano, bila mtu wa kumwambia.

Makala hii ni kwa ajili ya huyo mtoto, na kwa mzazi wake.

Tuanze na mchanganyiko unaoleta shida yote. Watu wanaposema "kusoma bahari" wanataja elimu mbili zilizo jirani lakini si moja. Ya kwanza ni oseanografia, yaani sayansi ya bahari yenyewe: maji yanavyokwenda, joto lake, chumvi yake, kina chake, sakafu yake, na hewa inavyoyasukuma. Ya pili ni biolojia ya bahari, inayoshughulika na viumbe: changu, pweza, matumbawe, mikoko, kasa, na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyolisha wengine wote. Mwanaoseanografia anaweza kumaliza mwaka mzima bila kushika samaki. Mwanabiolojia wa bahari hawezi kumaliza wiki bila kuuliza maji yana joto kiasi gani. Ndiyo maana nasema wa pili anamhitaji wa kwanza kuliko anavyodhani.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Silikanti ni samaki ambaye wanasayansi walimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe, wakaamini alitoweka zamani za dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Desemba 1938 akavuliwa mmoja akiwa mzima huko Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya mji wa East London, akamtambua kuwa si wa kawaida. Kwetu Tanzania samaki huyu alianza kuripotiwa mwaka 2003, na kuanzia 2004 akawa ananaswa mara kwa mara kwenye majarife (nyavu za kutegwa) ya wavuvi wa Tanga, Kigombe ikiwemo. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Sasa uliza maswali. Kwa nini anaonekana Tanga? Hilo ni swali la oseanografia. Mlango wa bahari kati yetu na Pemba ni wa kina kirefu, unashuka mpaka mamia ya mita, tofauti kabisa na ule wa kati ya Unguja na bara, ambao sehemu kubwa hauzidi makumi ya mita. Sakafu inashuka kwa ghafla karibu na pwani, na humo kwenye miteremko kuna mapango na maji ya baridi anayoyapenda silikanti. Kwa nini hastahimili kuvuliwa hovyo? Hilo ni la biolojia. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba hakomai mpaka apite miaka 40, na kwamba mimba yake huchukua takribani miaka mitano. Anazaa watoto hai, hatagi. Mama mmoja akinaswa na jarife, umepoteza uzazi wa muda mrefu kuliko umri wa mvuvi aliyelitega. Na je, silikanti wa kwetu ni sawa na wale wa Komoro? Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwa vinasaba kwamba kundi la kaskazini mwa Tanzania limejitenga na mengine. Jibu hilo limetoka maabara ya kemia ya viumbe. Samaki mmoja, masomo matatu.

Nikija kwenye maji kupwa na kujaa, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwanafunzi wa pwani ana mtaji ambao mwenzake wa bara hana.

Kila mtu aliyekulia pwani anajua bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Anajua pia kwamba maji ya leo hayaji saa ile ile ya jana, yanachelewa. Kitabu kitakwambia yanachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa kuwa mwezi nao unasogea kwenye njia yake wakati dunia inajizungusha, hivyo dunia inabidi izunguke kidogo zaidi kuukuta tena. Maji hujaa mara mbili kwa sababu upande ulioelekea mwezi unavutwa zaidi, na upande wa nyuma unavutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, maji yakabaki nyuma yakavimba. Kwa hiyo toka kujaa mpaka kujaa kwingine ni saa 12 na dakika 25 hivi. Jua nalo linavuta, lakini nguvu yake katika jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi. Jua na mwezi vikikaa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, nguvu zinajumlishwa: bamvua. Mwezi ukiwa nusu, zinavutana pembeni: maji mafu.

Hadi hapo ni kawaida. Lakini muulize mama anayechokoa pweza kwenye mwamba, atakwambia jambo linaloonekana kupingana na hesabu hiyo: bamvua likifika, maji hukauka mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Mwezi huu, mwezi ujao, mwaka ujao, ni hivyo hivyo. Inawezekanaje, ikiwa maji yanachelewa dakika 50 kila siku?

Nimewahi kuliweka swali hili ubaoni na kuliacha hapo hadi kipindi kilichofuata. Aliyelijibu alikuwa msichana wa Mwambani ambaye bibi yake huchokoa. Alizidisha tu. Toka bamvua hadi bamvua ni kama siku 15. Siku 15 mara dakika 50 ni dakika 750, yaani saa 12 na nusu. Karibu sawasawa na muda wa toka kujaa mpaka kujaa kwingine! Kwa maneno mengine, ndani ya siku hizo maji yamechelewa kwa mzunguko mmoja mzima, saa ya kukauka imerudi pale pale ilipokuwa. Na kwa kuwa bamvua limefungwa na mahali mwezi ulipo kulinganisha na jua, na saa zetu zimefungwa na jua, haliwezi kuhama. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo hupita juu yetu usiku wa manane au adhuhuri. Umbo la pwani na bahari kuu huyachelewesha maji kwa muda wa kama saa nne. Ndiyo hiyo saa kumi.

Bibi anajua lini aende mwambani kwa kuhesabu mwezi mwandamo: tarehe za mwanzo na za katikati ya mwezi wa Kiislamu. Mjukuu sasa anajua kwa nini hesabu ya bibi haikosei. Hakuna aliyemshinda mwenzake hapo. Naamini kwa dhati kwamba somo la sayansi Tanga lingeanzia kwenye maswali ya namna hii, tusingekuwa na watoto wanaoikimbia Fizikia.

Faida nyingine ni ya ratiba. Saa nne asubuhi ni saa za shule. Mwalimu akitaka kuwapeleka wanafunzi kuona kiti cha pweza, jongoo bahari na nyasi za bahari kwenye tambarare za Raskazone, achague siku za bamvua. Akienda siku za maji mafu atakuta maji yako kiunoni, atarudi na wanafunzi waliolowa na hawakuona kitu.

Na vipimo vyake havihitaji fedha. Chukua boriti iliyonyooka, ipake rangi alama kila sentimita 10, isimike mahali maji yanapofika hata yakipwa, kisha wanafunzi wapokezane kusoma kila nusu saa. Wataona maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa ni sentimita 360, kiasi ambacho bamvua la Tanga linakifikia. Saa ya kwanza yatapanda kama sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, kisha 60, kisha 30. Mabaharia wanaitumia kanuni hii ya sehemu kumi na mbili duniani kote. Mtoto akiichora kwenye karatasi ya grafu anapata mchirizi uleule wa wimbi anaoukuta kwenye Hisabati. Na anaelewa kwa nini watu hukwama kwenye mafungu ya mchanga: saa mbili za mwanzo zinakudanganya, ya tatu inakukuta mbali.

Kemia nayo. Chemsha lita moja ya maji ya bahari hadi yakauke, utabaki na takribani gramu 35 za chumvi. Chota maji mengine karibu na mlango wa mto Sigi baada ya mvua za masika, chemsha, pima tena, zitapungua. Hilo ni jaribio la jikoni na ni oseanografia halisi, maana chumvi na joto ndivyo vinavyoamua maji yapi ni mazito na yatazama chini ya yapi.

Kubwa zaidi ni la matumbawe. Wengi bado wanayaona kama mawe, na shuleni tunayafundisha kwenye Jiografia kama sura ya pwani: mwamba wa kandokando, mwamba wa kizuizi, atoli. Tumbawe ni mnyama mdogo mno, polipu, anayejijengea nyumba ya kalsiamu kaboneti. Ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, kama mpangaji ndani ya nyumba: anapata makazi, analipa kodi kwa chakula anachokitengeneza kwa usanisinuru. Rangi nyingi unazoziona mwambani ni za huyo mpangaji. Maji yakipanda joto kama nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, na yakakaa hivyo kwa wiki kadhaa, mwani unafukuzwa, tumbawe linabaki jeupe. Lisipompata tena mapema, linakufa kwa njaa. Hayo yalitokea kwa upana mkubwa pwani yote ya Afrika Mashariki mwaka 1998, mwaka wa El Niño.

Halafu kuna asidi. Bahari inanyonya sehemu ya hewa ya ukaa tunayoizalisha, na hewa hiyo ikichanganyika na maji inatengeneza asidi ya kaboni. Tangu enzi za viwanda zianze, pH (kipimo cha asidi) ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1. Mwanafunzi aliyeacha Kemia ataona hiyo ni sehemu moja ya kumi, si kitu. Aliyebaki darasani anajua kwamba pH ni kipimo cha logi, kwamba kushuka kwa 0.1 maana yake ayoni za hidrojeni zimeongezeka kwa asilimia 26 hivi, na kwamba maji ya namna hiyo yanamfanya polipu atumie nguvu zaidi kujenga nyumba ileile. Tarakimu moja baada ya nukta, na mmoja kaona hatari mwingine hajaiona. Ndiyo sababu nashikilia Kemia.

Ya uvuvi wa baruti Tanga tunayajua, miaka mingi yametutesa. Wanafunzi husikia kwamba ni kosa kisheria, na ni kweli, lakini nadhani wangeichukia zaidi wangeelewa inavyoua. Wimbi la mgandamizo linapita majini kwa kasi, linapasua kibofu cha hewa ndani ya samaki. Samaki aliyepasuka kibofu wengi huzama, kwa hiyo mpigaji anaokota sehemu tu ya aliowaua. Na mwamba uliovunjwa vipande unayumbishwa na kila wimbi, polipu wachanga hawapati pa kushika. Fizikia ya mgandamizo mnaisoma darasani.

Mikoko sitaizungumza sana kwa kuwa kila shule ya Tanga inaweza kuifikia kwa miguu au kwa bajaji. Nitasema tu: msiende kutalii, nendeni kupima. Nyoosheni kamba kutoka ukingo wa maji kuelekea nchi kavu, na kila baada ya mita kumi andikeni miti iliyopo. Mara nyingi mtakuta mlilana mbele kabisa ukipigwa na mawimbi, kisha mkoko wenye mizizi ya kuning'inia, kisha muia na mkandaa, na mchu mkakutana nao nyuma kwenye chumvi kali. Lambeni jani la mchu. Chumvi mnayoionja imetolewa na tezi za jani lenyewe, na hapo osmosisi ya darasani inapata ladha.

Upepo nao una maelezo yake. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hukokota maji kuelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unasukumwa na upepo unakwenda kasi. Wakati wa kaskazi upepo unaupinga, unapooza, na huko juu unakutana na mkondo wa Somalia ambao msimu huo umegeuka unakuja kusini. Mvuvi anajua msimu wa samaki fulani kwa jina la upepo. Mwanasayansi anauliza upepo umeyafanyia nini maji na chakula kilichomo. Wote wanaangalia kitu kimoja.

Sasa turudi kwenye kombi.

Hakuna tahasusi (ndiyo kombi) ya kidato cha tano iliyozoeleka inayoitwa "bahari." Ukitaka viumbe, PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) ndiyo pana kuliko zote, na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) ni nzuri kwa anayependa mazingira na usimamizi wa pwani. Ukitaka maji yenyewe, mikondo, mawimbi, hali ya hewa, ramani za sakafu, basi PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati), maana oseanografia ya fizikia ni hisabati tangu asubuhi hadi jioni. Kwa maoni yangu anayesitasita achukue PCB na asiitupe Hisabati. Ni rahisi kutoka PCB kwenda upande wowote kuliko kurudi Fizikia ukiwa umeiacha. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kuingia sekondari, kwa hiyo majina na mikondo ya masomo inabadilika. Mzazi aulize shuleni kwa mwanawe ni masomo gani ya hiari, na aulize kabla fomu haijajazwa.

Baada ya hapo njia ni mbili. Kwa aliyemaliza kidato cha nne na anataka kazi ya mikono na ujuzi, kuna Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ambao kampasi yao ya Mbegani, Bagamoyo, ndiyo iliyo karibu nasi kwa upande wa bahari; hapo kuna astashahada na stashahada za uvuvi, ukuzaji viumbe maji na uchakataji samaki. Kwa anayelenga shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule ya sayansi za majini na teknolojia ya uvuvi Kunduchi, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar ni ya chuo hicho hicho. Sifa za kujiunga husomwa kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka husika. Usitegemee uliyosikia kwa kaka yako.

Wazazi wengi wa pwani wana woga ambao hawausemi waziwazi. Baba mmoja, mvuvi, aliniambia shuleni: "Mwalimu, shikamoo yako siipokei bure. Mie bahari nimeipigania miaka yote ili huyu asiingie, nawe wamrudisha huko huko?" Ni haki yake kuuliza. Nilimjibu kwamba mwanawe anaweza kuwa mkaguzi wa samaki bandarini, afisa wa hifadhi, mtafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), mtaalamu wa mwani anayewashauri akina mama wa pwani, mpima sakafu ya bahari kwa ajili ya bandari na mabomba, au mwalimu kama mimi. Sikumwambia ajira ziko tele, kwa sababu si kweli, ushindani ni mkali. Nilimwambia kwamba kijana anayejua bahari kwa pande zote mbili, kwa chombo na kwa kitabu, ni adimu, na huo uadimu mwanawe anao tayari nusu yake.

Jambo la mwisho ni dogo na hulisahau wengi: kuogelea. Wapo wanafunzi wangu, hasa wasichana, waliozaliwa hatua chache kutoka ufukweni na hawajui kuelea. Mafunzo ya vyombo na utafiti wa majini yatakutaka uingie baharini, na wanaoogopa maji huishia kuchagua mada za maktabani. Mzazi mwenye binti anayeitamani fani hii ampatie mtu wa kuaminika wa kumfundisha, mwanamke akipatikana ni vizuri zaidi, na aanze likizo ya Desemba wakati wa kaskazi, maji mengi yakiwa maangavu kuliko wakati wa kusi. Boriti ya kupimia maji aisimike likizo hiyo hiyo.